Kwangua kwa Maji: Mwongozo kwa Fundi Anayegusa Rangi ya Zamani

Kupaka rangi nyumba mpya si kazi ya kumtia fundi hofu. Unafungua kopo lenye alama ya ubora ya TBS, unafungua madirisha, unapaka. Shida huanza siku unapoitwa kwenye nyumba ya tangu enzi za mkoloni, ambayo mlango wake umepakwa juu ya rangi nyingine mara sita au saba, na mwenye nyumba anakwambia, "Fundi, nikwangulie yote mpaka mbao ionekane." Ndani ya ganda hilo la rangi huenda kuna risasi, metali yenye sumu, iliyotulia miaka 60 au 70 bila kumgusa mtu. Ukipitisha skrepa na msasa mkavu unaigeuza vumbi. Vumbi hilo litaingia puani, litakaa chini ya kucha, litapanda nawe boda boda hadi nyumbani.

Kwa fundi wa Miembeni, hapa Bukoba, kazi za namna hii hazikosekani. Bukoba ni mji wa tangu 1890, Emin Pasha alipoweka kituo hapa kwa niaba ya Wajerumani, na bado majengo ya zama hizo yapo, likiwemo lile linaloitwa Duka Kubwa. Wakaja wafanyabiashara wa Kihindi na maduka yao ya mbele duka, nyuma makazi, yenye milango mirefu ya mbao ngumu. Ukitoka mjini kuelekea Muleba unakutana na majengo ya misheni, shule na hospitali za rika hilohilo. Kisha likaja tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, likabomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera na kuziharibu vibaya shule kongwe kama Ihungo na Nyakato. Tangu hapo kumekuwa na kubomoa, kuziba nyufa, kung'oa na kukarabati. Na mlango mzuri wa mninga hautupwi. Unang'olewa kwenye nyumba iliyoanguka, unakwanguliwa, unapelekwa kwenye nyumba mpya.

Sisemi kwamba jengo fulani lina risasi. Hilo husemwa na kipimo. Ninachosema ni kwamba majengo yaliyopakwa rangi ya mafuta katika miaka ile yote ni ya kushukiwa, na fundi mwenye busara hushuku kwanza, akapima baadaye ikiwezekana.

Ganda lina nini

Zamani risasi haikuingia kwenye rangi kwa bahati mbaya. Iliwekwa makusudi. Unga mweupe wa risasi ulifanya rangi nyeupe izibe vizuri na kudumu juani na mvuani. Risasi nyekundu, yenye rangi inayoelekea chungwa, ilipakwa kwenye vyuma kuzuia kutu. Njano kali ilitokana na kromati ya risasi, na kijani mara nyingi kilikuwa hiyo njano iliyochanganywa na buluu. Hata rangi nyingine ziliongezewa risasi kidogo ili zikauke haraka. Madhara yake yalijulikana mapema: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia unga mweupe wa risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, kwa sababu wapaka rangi walikuwa wakiugua. Hata hivyo viwanda viliendelea. Marekani, taifa lenye maabara za kila aina, ilikuja kupiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978.

Rangi nyeupe ya zamani ikishakauka inaweza kuwa na risasi hadi nusu ya uzito wake. Kiwango cha juu kinachopendekezwa leo na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 katika milioni. Usidhani kwamba rangi mpya zote zimetimiza hilo. Asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam imepima mara kadhaa rangi za mafuta zinazouzwa madukani nchini na kukuta baadhi yake, hasa za kung'aa kama njano, zina risasi nyingi. Kwa hiyo hata geti lililopakwa njano miaka kumi iliyopita si la kuliamini.

Hebu tupige hesabu moja, maana bila hesabu mtu huona haya ni maneno ya semina. Wamarekani huihesabu rangi kuwa ni ya risasi ikiwa na miligramu 1 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi ambacho kwa rangi ya zamani si kikubwa. Mlango wa sentimita 90 kwa 210, upande mmoja tu, utakuwa na karibu gramu 19 za risasi. Sasa chukua chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3. Ili hewa ya chumba hicho ifikie mwisho wa kiwango ambacho sheria ya ujenzi ya Marekani inamruhusu mfanyakazi kuvuta kwa wastani wa saa 8, yaani mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, zinatosha miligramu 2.4 zikiwa zinaelea. Hiyo ni sehemu moja kati ya karibu 8,000 ya kile kilichoko kwenye upande mmoja wa mlango. Huhitaji kuwa mzembe sana ili kuivuka. Inatosha kusugua msasa mkavu huku dirisha limefungwa.

Utaitambuaje? Kwa macho, huwezi kwa uhakika. Rangi ya zamani ya risasi mara nyingi hupasuka vipande vya pembe nne kama ngozi ya mamba, na chini ya rangi ya geti au nguzo ya chuma unaweza kukuta tabaka la rangi ya chungwa iliyoiva. Hizo ni dalili za kukutahadharisha. Zikikosekana, usijipe moyo. Kuta zilizopakwa chokaa tupu hazina tatizo hili, na nyumba nyingi za kwetu ukutani zilipakwa chokaa. Macho yako yaende kwenye milango, fremu, madirisha, nondo za madirisha, ngazi, mageti, na ule mkanda wa rangi ya mafuta unaozunguka nusu ya chini ya ukuta katika madarasa, wodi na maduka ya zamani. Mkanda ule ndio ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu ni eneo kubwa na kila mara huamriwa "upigwe msasa ushike vizuri." Kwa kazi kubwa, kama shule nzima au hospitali, mkandarasi achukue vipande vya ganda mpaka kwenye mbao au plasta na kuvipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Gharama ya kipimo ni ndogo ukiilinganisha na mkataba wa aina hiyo.

Rangi iliyoshika, iache

Ushauri wangu wa kwanza utawashangaza baadhi ya mafundi: usikwangue kisichohitaji kukwanguliwa. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyobanduka wala kupasuka, haimdhuru mtu ikiwa imefunikwa. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke, ipakwe praima nzuri na rangi mpya juu yake. Mwenye nyumba anayetaka "mpaka mbao ionekane" mwulize sababu. Mara nyingi ni mazoea tu. Ondoa sehemu zilizobanduka, sawazisha kingo, paka. Sehemu inayosuguana, kama kingo za dirisha na mlango unaogota kwenye fremu, hiyo ndiyo inastahili kazi ya kuondolewa, maana itaendelea kutoa vumbi kila mlango unapofungwa. Na kama mlango wenyewe umeoza, ung'oe mzima mzima utoke bila kukwanguliwa.

Ukilazimika kukwangua, maji kwanza. Nunua msasa wa maji, ule mweusi usiolowa ukachanika, na chupa ya kupulizia. Kwa eneo kubwa bomba la mgongoni linafaa sana, ila liwe jipya. Lile lililowahi kubeba dawa ya kahawa au ya migomba liache shambani. Lowesha sehemu ndogo, kwangua, lowesha tena, futa uji unaotoka kwa kitambaa kabla haujakauka. Usilowanishe ukuta mzima ukaenda kunywa chai, kwa sababu ukirudi umekauka na umerudi kwenye vumbi. Kabla ya yote zima umeme kwenye meni swichi, na ufunike soketi na taa. Maji na nyaya za zamani ni kifo cha haraka kuliko risasi.

Chini tandika nailoni, ileile nyeusi mnayotandaza kabla ya kumwaga zege la jamvi. Ndani ya nyumba ienee angalau mita 2 kutoka unapofanyia kazi, nje mita 3 au zaidi, na kingo zake zikunjwe kidogo ili uji na magamba visitiririke. Toa samani zote, au zifunike na kuzifunga. Funga mlango wa kwenda vyumba vingine kwa nailoni nyingine. Kwa kazi za nje tazama anga: Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na ikikukuta umeacha magamba chini ya dirisha, itayabeba hadi kwenye mtaro, na mtaro utayafikisha Mto Kanoni na ziwani. Kunja nailoni kabla ya wingu. Vivyo hivyo, kama nyumba inakinga maji ya bati, tenganisha bomba la tangi mpaka umalize na umesafisha fasia na gata. Maji ya mvua hayana chumvi, na maji ya namna hiyo huyeyusha risasi kwa urahisi zaidi.

Yapo mambo matatu ambayo hayana majadiliano. Usichome rangi kwa moto wa gesi ili ilainike: joto kubwa linageuza risasi kuwa mvuke, nao unaingia kwenye mapafu moja kwa moja. Usitumie grenda wala mashine ya msasa isiyokuwa na kifyonza vumbi chake chenye chujio maalumu. Na usifagie vumbi kavu. Najua grenda inamaliza mlango mmoja kwa dakika ishirini wakati mkono na maji vinachukua nusu siku. Ndiyo sababu muda wa kazi ya maji uwekwe kwenye bei tangu mwanzo, jambo ambalo nitalirudia mbele.

Kusafisha ni kwa ndoo mbili na kitambaa: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia, na maji yabadilishwe yakichafuka. Futa juu kwenda chini, kisha sakafu, kisha rudia sakafu siku inayofuata baada ya vumbi lililobaki kutua. Maji machafu yamwagwe chooni, yasimwagwe uwanjani.

Wachomeleaji na wapauaji

Mchomeleaji anayekata geti la zamani au nguzo ya tangi la maji yuko hatarini kuliko mpaka rangi, na kwa kawaida hajui. Moto wa kukatia chuma unachemsha rangi yote iliyoko karibu. Kanuni ni rahisi: ondoa rangi sentimita 10 kila upande wa mstari wa kukata, kwa maji na skrepa, ndipo uwashe moto. Fanyia kazi nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Kama chuma kinaweza kufunguliwa kwa spana, fungua kwa spana.

Kwa wapauaji: mapaa ya zamani ya bati yalipigiliwa kwa misumari yenye kofia ya risasi, laini, ya kijivu, inayokwaruzika kwa ukucha na kuchora mstari kwenye karatasi. Ikusanye kwenye kopo na ulifunge. Isiachwe mikononi mwa watoto, na wala asipewe mtu wa kuiyeyusha jikoni ili apate vizito vya nyavu za uvuvi. Anayeyeyusha risasi kwenye sufuria anajitia sumu yeye na kila anayekula kutoka jiko lile.

Barakoa

Watu hupenda kuanza na barakoa. Mimi naiweka baada ya maji, kwa sababu barakoa ni ya kukukinga na kosa lililokwisha kutokea. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii. Barakoa za hospitali tulizovaa wakati wa korona hazisaidii pia, hazibani pembeni. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2 kwa kazi ya maji, na ya mpira yenye chujio la P100 kwa kazi chafu zaidi. Chujio la harufu ya tina peke yake halikamati vumbi. Mwenye ndevu ajue kwamba hewa inapita kwenye ndevu zake.

Kuni, chakula na kibanja

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine haijui namna eneo la ujenzi la kwetu linavyoishi. Mwongozo wa Ulaya utakwambia usile kazini. Hautakwambia kwamba mama lishe amepanga mafiga yake mita nne kutoka ukutani unapokwangua, sufuria ya ndizi na maharage iko wazi, na kuni anazotumia ni fremu za madirisha mliyoyang'oa asubuhi.

Mbao zenye rangi ya zamani zisiwe kuni. Zikiungua, sehemu ya risasi inapanda na moshi, na nyingine inabaki kwenye majivu. Mama yule anavuta moshi huo kutwa nzima, na huenda ana mtoto mgongoni. Majivu nayo yana safari yake: Kagera kila kaya inajua kwamba majivu, maganda na takataka za nyumba ni chakula cha kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Mgomba unapewa kila kitu. Risasi ikishaingia kwenye udongo wa kibanja haiozi wala haipotei. Itakaa pale ambapo watoto wanacheza, kuku wanachakura na mboga zinaota. Kwa hiyo magamba, mbao zilizokatwakatwa, vitambaa na nailoni iliyotumika vitiwe kwenye mifuko ya saruji miwili miwili, vifungwe, viandikwe, na mwenye kazi akubaliane na manispaa au halmashauri mahali pa kuvipeleka. Visichomwe, visizikwe nyuma ya nyumba.

Mwombe mama lishe asogee upande ambao upepo unatoka, mbali na kazi, na mnunulieni kuni. Ni gharama ndogo kwa kikundi cha mafundi wanane. Mwambie kwa heshima na umweleze sababu: "Mama, mbao hizi zina sumu kwenye rangi, moshi wake utakuumiza wewe na mtoto." Ukimwambia tu "ondoka hapa" atadhani unamfukuza kwenye riziki yake, na kesho atarudi palepale.

Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kunywa, kuvuta sigara na kushika simu. Maji matupu hayatoshi. Sigara iliyoshikwa kwa vidole vya vumbi ni njia ya mkato ya kuimeza risasi. Na usianze kazi hiyo na njaa. Tumbo tupu hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko tumbo lenye chakula, kwa hiyo uji na chapati za saa moja asubuhi zina faida zaidi ya kuongeza nguvu. Ama maziwa, ambayo wapaka rangi wengi huamini kwamba "yanasafisha kifua," hayaondoi risasi mwilini. Lishe yenye kalsiamu na madini ya chuma husaidia mwili ufyonze risasi kidogo, basi ni vizuri kunywa maziwa na kula dagaa na mboga za majani. Lakini bosi anayegawa pakiti ya maziwa badala ya barakoa na sabuni hajakulinda.

Usiipeleke nyumbani

Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, wakati mtu mzima hufyonza kama sehemu ya kumi. Ubongo wake unajengwa, na risasi inauvuruga ukiwa katika kujengwa: uelewa unapungua, utulivu unapungua, na haurudi wote hata risasi ikitoka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kesi inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ilitokea Owino Uhuru, Mombasa, penye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliajiriwa pale kwa kazi ya ofisini, hakushika tanuru. Mwanawe mchanga aliugua, na ilipopatikana sababu ilikuwa ni risasi, iliyopita kwenye maziwa ya mama. Mama huyo alianzisha mapambano yaliyofunga kiwanda mwaka 2014, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda cha betri si mlango wa Miembeni, kiasi ni tofauti kabisa. Njia ya kumfikia mtoto ndiyo ileile.

Uwe na nguo za kazi zinazobaki kazini. Ovaroli, kofia na buti vivuliwe palepale, vitiwe kwenye mfuko, na uvae nguo nyingine kabla ya kupanda boda boda. Kama pana maji, oga na uoshe nywele kabla ya kuondoka. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisikung'utwe, na afuaye aziloweshe kwanza. Mtoto asikimbilie kukukumbatia ukiwa bado na ovaroli, mzoeshe kusubiri. Mjamzito asiwepo kabisa kwenye chumba kinachokwanguliwa, na hapa nawakumbuka kina dada wanaobeba maji na mchanga kama saidia fundi, ambao hakuna anayewauliza hali zao. Risasi hukaa mifupani miaka mingi, na wakati wa ujauzito hutoka mifupani na kumfikia mtoto. Msichana anayekwangua leo anaweza kumpa mwanawe risasi hiyo baada ya miaka kumi.

Dalili na kipimo

Kuumwa kwa risasi kunafanana na magonjwa tuliyoyazoea, na ndiyo maana hupita bila kuonekana. Kichwa, uchovu, usingizi kukatika, viungo kuuma, hamu ya chakula kwisha, tumbo kukata pamoja na choo kigumu. Kwa mkoa kama wetu fundi mwenye dalili hizo atameza dawa ya malaria, zikiendelea ataambiwa ana taifodi. Kwa muda mrefu huja presha, figo kuharibika, damu kupungua, mbegu za kiume kupungua, na kwa walioathirika sana mkono unalegea kwenye kifundo mpaka hawezi kushika brashi.

Kipimo cha kawaida cha damu hakioneshi risasi. Inabidi daktari aagize kipimo chake maalumu, na sampuli ipelekwe maabara kubwa. Ukienda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera, au hospitali yoyote, usiseme tu "naumwa tumbo." Sema: "Mimi ni fundi rangi, kwa miezi miwili nimekuwa nikikwangua rangi ya zamani." Sentensi hiyo itambadilishia daktari mwelekeo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, ukikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi, chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Dawa za kuiondoa risasi zipo kwa wenye viwango vya juu, chini ya daktari. Hazina maana kwa mtu anayerudi kesho kwenye vumbi lilelile. Na pima mapema, kwa sababu damu hupunguza risasi kwa nusu katika takribani mwezi mmoja, na sehemu yake huhamia mifupani.

Nani alipe

Kumlinda mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasema hivyo, na OSHA ndiyo wakala wa kuisimamia. Magonjwa yatokanayo na kazi yanafidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na ukiugua ndipo utakapojua kama mwajiri wako amejisajili au la. Mwulize kabla. Andika kwenye daftari tarehe, jengo, kazi uliyofanya na aliyekuajiri. Daftari la shilingi mia tano linaweza kuwa ushahidi wako pekee.

Ugumu ni kwamba kazi nyingi za Miembeni hazina mkandarasi wala fomeni. Ni mwenye nyumba, fundi mmoja na vijana wawili, na bei ya mdomo. Hapo sheria iko mbali, na mazungumzo ndiyo kinga. Unapotaja bei, itaje pamoja na vitu vyake: nailoni, msasa wa maji, barakoa, sabuni, ndoo, na siku za ziada. "Mzee, kwa grenda nitamaliza siku mbili, lakini vumbi lake lina sumu na litabaki kwenye magodoro ya wajukuu zako. Kwa maji ni siku nne." Wengi wakisikia wajukuu hupunguza ubishi.

Nawe mwenye nyumba, kama umeusoma mwongozo huu kwa sababu una ukarabati mwezi ujao, usimchague fundi kwa sababu ni wa haraka. Ongeza siku mbili kwenye makubaliano, nunua nailoni na sabuni mwenyewe, wahamishe watoto hadi sakafu ifutwe mara ya pili, na mbao zilizong'olewa usizigawe kwa jirani ziwe kuni.